Kwa Mjomba Saidi, Kabla ya Mashindano ya Kesho

Mjomba,

Shikamoo. Najua ungeniambia kwamba walio makaburini wana salamu yao, na hiyo nimekwisha kuitoa, nilipopita njia ya makaburini Ijumaa. Lakini tangu nilipojua kusema nimekuamkia shikamoo, na sioni kwa nini niache kwa sababu tu wewe umeacha kuitikia.

Naandika nikiwa kibandani kwako Kitangari, juu ya meza ya cherehani, kwenye ile karatasi ya kaki uliyokuwa ukichorea mitindo. Nyuma yake kuna mchoro wa mkono wa gauni la mke wa diwani, gauni uliloliacha njiani nikalimalizia mimi. Kalijaribu, anasema mkono wa kushoto unabana. Nimemwambia unabana kwa sababu amenenepa. Ungekuwepo ungenikanyaga mguu chini ya meza.

Kesho ni Jumatano. Hiyo ndiyo habari niliyotaka uipate kabla ya nyingine zote. Kesho ni Jumatano na tunashindana.

Maana walisema basi. Udongo wa kaburi lako ulikuwa haujakauka, nikawasikia kwa masikio yangu pale kwenye foleni ya mashine ya kusaga: fundi Saidi kaondoka na vimashua vyake, sasa wazee wale watafute kazi ya maana. Nilikuwa na debe la mahindi kichwani, sikuweza kugeuka vizuri kumtazama aliyesema. Bahati yake.

Halafu wewe nawe ukazikwa Jumatano. Alasiri, saa ileile ambayo kwa kawaida ungekuwa umeshafunga kibanda, mashua kwapani, unatembea kuelekea lambo huku ukitazama majani ya miti kama mtu aliyepoteza kitu huko juu. Wanaume walikupeleka. Sisi tulibaki nyumbani kwenye mikeka. Kwa jirani kulikuwa na khanga zimeanikwa, zinapepea kuelekea kwenye mikorosho, kama kawaida ya saa ile. Ghafla zikalegea. Kisha zikageuka zikaanza kupepea kuelekea bondeni. Nikawaza, sasa hivi mwenzako Dadi angekuwa analalamika kwamba upepo umemwonea yeye peke yake. Nikacheka. Katikati ya kilio chako, Mjomba, nilicheka kwa sauti, mama mkubwa akanivuta akanifunika kichwa na khanga akidhani nimerukwa na akili. Chini ya khanga ile ndipo kicheko kilipogeuka kikawa kile walichokuwa wanakingoja.

Baada ya hapo nikakasirika. Siku zote za juma zimejaa tele, wewe unakwenda kuchukua Jumatano. Mpaka leo sijakusamehe vizuri.

Nataka nikukumbushe ilivyoanza. Najua hukusahau, ila sasa hivi hadithi yenyewe inasimuliwa vibaya. Dadi anawaambia abiria wake wa bodaboda kwamba ulifunzwa na manahodha wa Mikindani. Muongo mkubwa. Wewe hukuwahi kupanda hata mtumbwi, na kuogelea hukujua. Ulikuwa fundi cherehani uliyezaliwa huku juu ambako watu wanakinga maji ya mvua kwenye mabati na kuyafungia kisimani kwa kufuli. Kilichokufundisha ni mwavuli. Mteja kauchukua kwako, umemtengenezea vyuma vyake, anapita kando ya lambo anaufungua auone ulivyopona, upepo ukamnyang'anya. Ukaangukia majini kifudifudi, mpini juu, ukaanza kwenda. Mwenyewe alizunguka ukingo anakimbia, na mwavuli ukafika ng'ambo kabla yake. Yeye alilaani. Wewe ulisimama mdomo wazi, ukaniambia, "Somoe, umeona?" Nilikuwa bado navaa sare ya shule ya msingi. Niliona.

Juma lile ulichonga msufi, ukakata tanga kwenye kitambaa cha mwavuli mbovu, ukasimamisha chuma chake kikawa mlingoti, na chini ukafunga jiwe la mizani iliyokufa ili mashua isipinduke. Ukaiita Usinisukume. Mwalimu Benedikto alikuwa ndiyo kwanza amestaafu, kaja kutoka Lulindi kukaa kwa binti yake, hana la kufanya zaidi ya kusahihisha Kiswahili cha watu barabarani. Akaiona ikivuka, akasema yake ingekwenda kasi zaidi. Ndivyo klabu ilivyozaliwa, kwa ubishi, na kwa ubishi imeendelea.

Na sheria yako. Unaweka tanga, unaweka usukani, unaikalisha mashua juu ya maji, unaiachia. Husukumi. Ukishaiachia unaruhusiwa kutembea ukingoni na ufito wako, na ikigusa kingo unaigeuza kwa ufito irudi. Ikiwa katikati, huna lako. "Ukishaachia, umeachia." Ulituambia hivyo kila Jumatano, na kila Jumatano Dadi alisukuma kidogo kwa kifundo cha mkono akiapa kwamba ni mshipa.

Ila sheria iliyotuweka hai si hiyo. Ni ile uliyokubaliana na Mama Zuhura.

Namwona kama jana. Mwenyekiti wa kamati ya maji, ndoo imejaa kichwani, haishiki, mikono yote miwili iko huru kwa ajili ya kukunyooshea vidole. "Sisi tunaamka na ndoo, tunalala na ndoo, nyie wazee wazima mnaleta michezo kwenye maji! Kwani Saidi huna mke wa kukuuliza unakwenda wapi?" Wewe hukumjibu utani, na hilo lilinishangaza, kwa kuwa utani hukuwahi kuuacha. Ulivua kofia. Ukasema mbele ya wanawake wote kwamba mguu wa mtu wa klabu hautaingia kwenye maji yale, na kwamba mtu wa klabu hatasimama pale wanapochotea wakati wa mashindano. Siku mguu wa mmoja wetu ukilowa, ukasema, klabu imekufa na mimi mwenyewe nitaizika. Mama Zuhura akasema, "Nitakuwa natazama." Alitazama kweli. Miaka yote, hata kidole hakikulowa. Mashua ya Dadi ilipozama katikati tuliiacha hukohuko mpaka kiangazi kikayanywa maji, akaenda kuiokota juu ya tope lililopasuka, imejaa vyura.

Nami nilikuja tu. Hakuna aliyenikaribisha, wala hakuna aliyethubutu kunifukuza, mpwa wa fundi. Ulinifundisha kufunga uzi mwekundu wa cherehani kwenye ncha ya ufito na kuutazama kabla ya kuachia. Ulinifundisha kwamba upepo wa huku hauna adabu. Alasiri unapanda kutoka bonde la Ruvuma, unavuka lambo kuelekea kwenye mikorosho, umenyooka, unamdanganya kila mtu. Jua likianza kuinama unakata kabisa. Halafu unakuja mwingine, haujulikani utatokea wapi, na huo uliuita mama mkwe kwa sababu hufika wakati watu wameshakaa vibaya.

Na ulinishinda. Ulinishinda nikiwa na sare ya shule, ukanishinda nikiwa mwari, ukanishinda nikiwa na mimba ya mwanangu Shadya na miguu imevimba. Watu walikuambia, "Muachie mtoto japo mara moja." Nakumbuka jibu lako neno kwa neno: "Nikimwachia nitakuwa nimemtukana." Nililia kwa hasira nyuma ya mikorosho mara nyingi kuliko ulivyojua. Sijawahi kukushinda, Mjomba. Hata siku ulipokuwa unakohoa mpaka unashika magoti, wiki moja kabla hatujakupeleka hospitali Newala, uliniacha nyuma, ukaniangalia na macho yako yale, ukasema, "Bado."

Sasa nikueleze ya arobaini.

Kaka Issa alikuja kutoka Masasi na gari lake. Sina ubaya naye. Ni mtoto wa dada yako mkubwa, ana duka la vifaa vya ujenzi, sukari na mchele wa hitima alileta yeye. Baada ya dua wazee wakakaa kugawa ulivyoacha. Cherehani haikuwa na ubishi, hakuna mwingine anayejua kuikanyaga bila kukata uzi. Kofia zako zikapata wenyewe. Kisha Kaka Issa akasema, "Na mwavuli wa mzee mpeni Somoe, jua la kibandani kali." Watu wakacheka. Nami nikacheka. Halafu akasema, kwa upole kabisa, kwamba Usinisukume ataichukua yeye aiweke dukani Masasi juu ya kabati, wateja waione, iwe ukumbusho.

Nikasema, "Ile haigawiwi hapa."

Mama alinivuta nguo. Sikukaa. Niliwaambia kwamba Mzee Chilumba wa klabu alipofariki na wanawe wakataka kukatana mapanga kwa ajili ya mashua yake, wewe ndiye uliyeweka utaratibu. Mashua ya marehemu inaachiwa peke yake lamboni, Jumatano. Watu wote wanasimama ukingoni wanapotaka. Inayemfikia ni yake, hakuna swali. Ya Mzee Chilumba ilimfikia Dadi, na wanawe wakarudi nyumbani bila kesi, maana nani angemshitaki upepo.

Kaka Issa akauliza, "Siku hizi upepo ndio unaorithisha?" Kicheko kingine. Nikamwambia kwenye klabu, ndiyo.

Nikawageukia wenzako wanisaidie. Dadi akaanza kukagua funguo za pikipiki. Mwalimu Benedikto, aliyekuwa haachi hata kosa la nukta lipite, akatazama miguu yake akasema labda tumwachie tu ndugu Issa, mtoto wa dada mkubwa ana haki yake. Mjomba, kama ungekuwa hai ningekushitakia. Niliwaambia palepale mbele ya wazee. Mashua hii ikipanda gari kwenda kukaa juu ya kabati, Jumatano ijayo Dadi atapata abiria wa Newala, inayofuata Mwalimu atasema mguu unamuuma, na baada ya hapo hakuna Jumatano. Mtakuwa mmemzika mara ya pili, na safari hii bila hata kumwosha. Mama mkubwa akasema, "Astaghfirullah, Somoe." Nikasema nastaghfiri, lakini sifuti.

Kaka Issa akacheka akakubali. Alikuwa anajua upepo wa alasiri unakokwenda, kila mtu anajua. Alijua pa kusimama.

Basi Jumatano ile walijaa. Hata waliokuwa wanatucheka walikuja, na wale zaidi ya wote. Mwalimu, kwa kuwa ndiye mkubwa, alifunga tanga na kuweka usukani. Upande wa mikorosho walisimama watu bega kwa bega, Kaka Issa mbele na viatu vyake vyeupe, simu mkononi anapiga picha. Mimi nilikwenda kusimama upande wa chini, wanakonyweshwa mbuzi, peke yangu kwenye mavi. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu. Nilijua upepo utakata, nilijua mama mkwe atakuja, na niliapa nitakuwa nimesimama pale atakapoileta. Nilitaka mashua ile, Mjomba. Sitakuandikia kwamba nilitaka haki itendeke tu. Niliitaka iwe yangu.

Mwalimu akaiachia. Hakusukuma. Usinisukume ikainama kidogo kama ilivyozoea, ikashika upepo, ikaenda. Dadi alianza kusema kitu akakiacha. Ilikuwa inakwenda bila wewe kutembea pembeni yake, na hilo hakuna aliyekuwa amejiandaa kuliona.

Katikati, upepo ukakata.

Tanga likalala. Mashua ikasimama, pua inatazama huku na huku bila sababu. Tukangoja. Kivuli cha mikorosho kikaanza kuingia majini. Mtu akakohoa. Kaka Issa akatazama saa, ana safari ya kurudi Masasi, akasema, "Jamani, si dimbwi tu hili? Linafika magotini." Akainama akaanza kufungua kamba za viatu.

Hakuna aliyemzuia. Mwalimu alikuwepo, Dadi alikuwepo, wazee wa ukoo walikuwepo. Wote wanajua ahadi yako, na wote walikuwa wanamtazama mtu mzima akivua soksi. Sijui nilizungukaje lambo lile. Nilifika nikiwa na kandambili moja. Nikasimama kati yake na maji.

"Kaka, mguu huo hauingii."

"Nini?"

"Hauingii. Labda unipite mimi kwanza."

Akanyanyuka pole pole, kiatu mkononi. "Somoe, unajua unaongea na nani?"

Nikamwambia naongea na kaka yangu, na shikamoo yake nimempa leo na nitampa kesho. Lakini Mjomba aliwaahidi wanawake wa hapa. Maji haya yanakwenda kwenye vyungu vya watu. Ukitia mguu humu umeiua Jumatano, na mimi sijamaliza kumlilia mwenyewe. Sijawahi kusema hivyo na mtu ninayemwamkia. Mtu mmoja wa ukoo akasema nipigwe kofi, lakini hakuja kunipiga.

Ng'ambo, pale wanapochotea, Mama Zuhura alikuwa amesimama na ndoo yake miguuni, na wenzake nyuma. Alikuwa amesikia kila neno. Alinyamaza, na Mama Zuhura kunyamaza ni jambo la watu kuja kuhadithiana.

Ndipo mama mkwe akafika. Nilihisi kwanza kwenye shingo, baridi. Nikageuza macho kwenye upande wa mbuzi, upande wangu, nikijua ndiko itakakokwenda. Haikwenda. Upepo uliingia kwa ubavu, kutoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa amefikiria, wala mimi, na nathubutu kusema wala wewe. Tanga likapiga mara moja, likajaa. Usinisukume ikageuka ikatupa mgongo sisi sote, ukoo na klabu pamoja, ikaenda moja kwa moja kwenye sehemu pekee ya lambo ambayo hakuna mtu wetu aliyesimama, kwa sababu wewe ulituzuia. Ikafika ikagonga ndoo ya Mama Zuhura. Kong. Tuliisikia wote.

Akaitazama. Akatutazama.

"Mmesema inayemfikia ndiye mwenyewe, au mmebadilisha?"

Mwalimu Benedikto, hatimaye, akakumbuka kwamba ana mdomo. "Ndivyo, mama. Haijabadilika."

Kaka Issa akasema, "Lakini mama, wewe si wa ukoo, wala si wa klabu."

"Mwanangu," akasema, "nimegombana na Saidi kwa ajili ya maji haya tangu wewe hujaota ndevu. Ukoo gani unazidi huo?" Kisha akaongeza kitu kwa Kimakonde ambacho sitakiandika hapa, na wazee wakaangua kicheko, na Kaka Issa naye, nimpe haki yake, akacheka huku amesimama na soksi moja.

Mama Zuhura akajitwika ndoo. Akaibana Usinisukume kwapani, kama mtu atokaye mnadani na kuku, akaondoka. Bila kugeuka akasema, "Jumatano mwanze mapema. Sitaki mnicheleweshe kuchota."

Wenzangu walishangilia. Mimi sikufurahi. Wewe nakuambia ukweli. Nilirudi nyumbani nikalia kuliko nilivyolia siku uliyokufa. Yule yule aliyetaka kutufukuza! Nilikuwa nimeiokoa Jumatano kwa mdomo wangu mwenyewe, nikabaki na mwavuli.

Nikautazama ule mwavuli ukutani wiki nzima. Mweusi, mpini wa mti, ule tuliokufunika nao njia nzima tulipokupeleka Newala. Halafu nikaushusha, nikachukua mkasi wako mkubwa, nikaukata.

Mama mkubwa alipiga kelele mpaka majirani wakaja. "Anakata mwavuli wa marehemu! Urithi!" Nikamwambia sikati mwavuli, nakata tanga. Akasema nina laana. Nikamwambia ashike pale pembeni, kitambaa kinateleza. Akashika, Mjomba. Akalaani huku ameshika.

Juu ya dari kulikuwa na kile kipande cha msufi ulichokuwa ukisema ni cha siku moja. Siku yenyewe imefika. Nimekichonga kwa kisu chako, nimejikata kidole gumba, damu yangu imo upande wa kulia na sijaifuta. Jiwe la mizani nimepewa na mwenye mashine ya kusaga, baada ya kumkumbusha yaliyosemwa kwenye foleni yake. Nimeiita Hunitishi.

Mama Zuhura yeye kashaanza. Jumatano yake ya kwanza alisukuma kwa nguvu za kutosha kuondoa gari kwenye tope, klabu nzima ikapiga kelele. Akaenda zake kusimama pale wanapochotea aingoje, kama alivyozoea. Ikabidi nimfuate. Nikamwambia mama, shikamoo, sasa wewe ni mtu wa klabu, na kwa ahadi yetu mtu wa klabu hasimami hapa. Wenzake wote walikuwa wanasikiliza. Kisha akaondoka pale akaja kusimama na sisi. Hakuna aliyecheka. Tangu siku ile ameshamshinda Dadi, na Dadi anadai mashua ya kamati ya maji inamtia hofu. Wanawake siku hizi wanatua ndoo na kushangilia, na lambo lina kelele ambazo wewe hukuwahi kuzisikia. Mwalimu ananunua soda. Kaka Issa ametuma vanishi kwa basi kutoka Masasi na anapiga simu Jumatano jioni kuuliza nani kashinda. Nami namjibu baada ya kumwamkia.

Mimi sijashindana naye bado. Nilikuwa nasubiri vanishi ikauke. Imekauka leo.

Kwa hiyo kesho, Mjomba, itakuwa hivi. Upande mmoja Mama Zuhura na Usinisukume, mikono yako kwenye kila kona ya mti ule. Upande wa pili mimi. Nitafunga uzi mwekundu, nitautazama, nitaachia bila kusukuma. Nakuahidi mguu hautaingia majini, wangu wala wa mtu mwingine, maadamu nina miguu ya kusimama mbele yake. Nakuahidi kutakuwa na Jumatano baada ya kesho, na nyingine, mpaka wale wa kwenye foleni wachoke kutusema.

Barua hii sitaileta kaburini, mbuzi wataila. Nitaiweka kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Buriani, Mjomba. Pumzika, lakini si kesho alasiri. Kesho alasiri nataka uwepo ndani ya mashua yako, na uende kwa nguvu zako zote, kwa sababu nakuja kukushinda.

Hukuwahi kuniachia. Usianze kesho.

Mpwa wako na fundi wako,
Somoe